Chakula cha Gare

Mbiya hakuwa mtu wa kubishana na mwanawe. Alimwacha aseme mpaka achoke, kisha akafanya alichokusudia tangu mwanzo. Kwa hiyo Rolly alipoegemeza pikipiki ukutani jioni ile na kuanza tena habari zake za popo, mama yake aliendelea kuchambua matembele kana kwamba anasikiliza redio ya jirani.

Rolly alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria hapo Kamina, lakini kwa wiki mbili sasa alikuwa amepata kazi nyingine. Daktari mmoja wa utafiti kutoka Lubumbashi, Clémentine Masengo, alikuja na vijana watatu kunasa popo kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya karakana ya reli. Waliwatoa damu na mate, kisha wakawaachia waende zao. Rolly ndiye aliyebeba masanduku ya barafu mpaka uwanja wa ndege, na kila jioni alirudi nyumbani na neno jipya.

"Mama, popo haigonjwake," alisema, akichuchumaa karibu na ungo wa mboga. "Njo kintu cha kushangaza. Microbe iko mu damu yake, iko mu mate yake, lakini yeye iko bien, anaruka, anazaa. Docteur anasema iko sawa wagon ya acide yenye kwenda ku mine. Inabeba acide, lakini yenyewe haiungue. Muntu wa kufungua robinet, ile bomba yake, njo anaungua."

Mbiya akainua macho. "Na moto? Moto haiue iyo microbe?"

"Moto iko inaua. Kintu kikiiva, kimeiva. Lakini mbele ya kufika ku moto, Mama, kuko mikono. Kuko damu, kuko..."

"Basi, nimesikia."

Alikuwa keshapata jibu alilolitaka, na yaliyofuata yaliingia sikio hili yakatokea lile. Tuseme ukweli hapa, maana baadaye watu walisema mengi: Rolly alisema. Hakuacha kusema.

Kwa watu wengi wa Kamina popo ni kitoweo tu. Wapo wanaompenda, wapo wanaomtemea mate. Kwa Mbiya ilikuwa habari nyingine kabisa, na ilianza mwaka 1993, alipokuwa na miaka kumi na minne.

Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Walipakiwa kwenye treni ya mizigo, baba, mama na watoto watano wa nyumba yao wakiwa ndani ya behewa moja na watu wasiowajua. Njiani walipekuliwa mara tatu, na kila kisu kikachukuliwa, hata cha kumenyea viazi. Tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa kumi treni ikaingia Kamina, kichwa cha treni kikatenganishwa kikaenda zake, na mabehewa yakaachwa pale. Walikaa stesheni miezi minne, chini ya turubai lililotoboka. Mwanzoni akina mama wa parokia walileta unga. Unga ulipokwisha, mama yake Mbiya aliinua macho akaona mikaratusi imejaa popo.

Hawakuwa na kisu. Waliwachuna kwa kucha, na pale ngozi ilipokataa, kwa meno. Wakawachemsha ndani ya kopo la maziwa ya unga, bila chumvi. Walishuka watu saba kwenye behewa lile, wakatoka stesheni watano. Baba aliondoka kwa njaa na huzuni. Yaya yake, yaani dada yake mkubwa, Ngondo, msichana wa miaka kumi na saba, aliondoka kwa ugonjwa ambao siku zile uliitwa ugonjwa wa gare, yaani wa stesheni, na haukuhitaji jina jingine kwa sababu kila asubuhi ulichukua mtu.

Mama yake alipopata nyumba aliapa kwamba kizazi chake hakitasahau kilichowaokoa. Kila mwaka, tarehe ileile, walisali kama Wakristo wenzao, kisha wakaketi chini wakala popo. Waliita chakula cha gare. Sheria zake zilikuwa tatu tu, nazo hazikuguswa: hakuna chumvi, hakuna kisu, na anayechuna ni mwanamke mdogo kuliko wote nyumbani. Mama alipofariki, Mbiya alishika usukani. Miaka thelathini na zaidi alichuna kwa kucha zake mwenyewe, hakuumwa hata kichwa.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nyumbani mlikuwa na mwanamke mdogo kuliko yeye.

Jenny aliolewa na Rolly mwezi wa saba. Alikuwa binti wa Maurice, mfanyakazi wa reli wa zamani, yule wa kuunganisha mabehewa, mwenye vidole vitatu tu mkono wa kushoto. Kwa akina Maurice popo haliwi. Jenny mwenyewe alikuwa mpole hadi kuudhi. Ukimtuma maji alikimbia, ukimwita aliitika mara mbili. Mbiya alimpenda, ila alimwona bado mgeni, mtu wa kukaa kwenye ncha ya kiti. Alitaka aingie nyumbani mzimamzima. Na mlango wa nyumba ile, kwa jinsi alivyoujua Mbiya, ulikuwa kopo la maziwa.

Mungu, aliwaza, alikuwa upande wake. Tarehe ishirini na mbili daktari alikwenda na kikosi chake Kinkondja kutazama popo wa huko ziwani, na Rolly akaenda nao kwa siku nne.

Asubuhi ya siku ya pili yake, tarehe ya chakula cha gare, Kalunga, mwindaji aliyetega wavu mkuukuu wa samaki katikati ya mikaratusi, alileta popo sita wamefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Watano walikuwa wamekufa. Mbiya akatandika jamvi uani, akamketisha mkwewe, akamsimulia yote: behewa, turubai, kopo. Jenny alilia aliposikia habari za Ngondo.

"Sasa leo njo weye," Mbiya alimwambia. "Mama yangu alinipa hii kazi. Minyi nakupa weye. Kuanzia leo hauko tena mugeni mu hii nyumba."

Jenny aliwatazama wale popo, sura zao za mbwa mdogo, meno yao. "Mama, Rolly alisema..."

"Rolly alisema moto iko inaua. Nilimuuliza minyi mwenyewe. Tutapika mpaka mufupa ilainike."

Msichana akamshika wa kwanza. Alianza vibaya, akivuta ngozi ya bawa ikimponyoka, damu ikimtiririka mpaka kwenye viwiko. Mbiya alicheka, akamwelekeza: anzia shingoni, ingiza kidole gumba, vuta kama unavua soksi. Alipofika kwa wa sita, yule aliyekuwa hai akageuza kichwa na kumng'ata kidole cha shahada. Jenny akapiga yowe. Mbiya akamponda popo kwa mwiko, akachukua kidole cha mkwewe, akapaka jivu.

"Haina kitu. Minyi popo balinilumaka mara ngapi!"

Walikula jioni, wawili tu, chini, bila chumvi. Popo walikuwa wameiva sana. Jenny alikula kipande kimoja kwa adabu, na Mbiya akala vingine vyote. Kabla ya kulala alimwambia binti asimwambie mumewe kitu, mambo haya ni ya wanawake, na Jenny akaitika mara mbili.

Rolly aliporudi aliuliza kama kila mtoto anavyouliza akitoka safari: "Mulikula nini juzi?"

"Kuku," alisema Mbiya.

Siku ya kumi baada ya chakula kile Jenny aliamka na homa. Muuguzi wa zahanati moja ya mtaani alisema ni malaria, akamtundikia dripu. Siku ya pili alisema ni tifoidi. Rolly aliacha kazi, akawa anamlisha uji, anampangusa matapishi kwa kitambaa, anakifua kitambaa kwa mikono na kurudi kumpangusa. Alikuwa mume wa miezi minne tu, na alimpenda kweli mke wake, mtu yeyote aliyepita pale aliona.

Jioni ya siku ya pili macho ya Jenny yaligeuka mekundu. Rolly alimvuta mama yake nje, mpaka kwenye kona ya choo. Mikono yake ilinuka sabuni.

"Mama. Jenny aligusa popo?"

Neno lilikuwa hapo hapo, mdomoni mwa Mbiya, ni kulitema tu. Lakini pamoja nalo ilibidi atoke mama yake mwenyewe, na kopo, na miaka thelathini, na ule uongo wa kuku. Tena alijiambia: mimi nilikula karibu wote sita, Jenny kipande kimoja, na mimi ni mzima. Ingekuwa popo ningekufa mimi kwanza. Hesabu hiyo ilimkaa vizuri kichwani, kwa sababu aliitaka imkae.

"Apana," alisema. "Popo ya wapi?"

"Sema kweli, Mama. Kama aligusa, nakimbia kwa docteur sasa hivi. Sitamugusa na mikono hivi. Kuko namna ya kufanya."

"Nimekuambia apana. Iko palu, iyo malaria yenye muuguzi alisema."

Rolly alimtazama kidogo, kisha akaamini. Alikuwa mtoto wa kuamini mama yake. Akarudi ndani, akaketi kitandani, akakiweka kichwa cha mkewe mapajani pake.

Zilipita siku tatu. Mbiya alizipitisha akichota maji na kuomba rozari, na kila aliposikia Rolly akisema ndani, "Kunywa kiloko, kidogo tu, bibi yangu," alijiambia kesho atapata nafuu. Asubuhi ya siku ya nne Jenny alitabasamu akiombwa afungue kinywa, na ufizi wote ulikuwa damu. Damu ilikuwa pia mahali sindano ya dripu ilipochomwa, haikutaka kukauka.

Mbiya hakuvaa hata viatu. Alikimbia njia nzima ya reli mpaka nyumba aliyopanga daktari Clémentine, akamkuta anakunywa chai, akaanguka magotini.

"Nilimupa popo," alisema. "Nilimupa na mikono. Moja ilimuluma."

Daktari hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akauliza siku ngapi, nani amemgusa, nani amemfulia. Mbiya alitaja. Kisha Clémentine akauliza swali ambalo Mbiya hakulitarajia.

"Rolly anajua tangu lini?"

"Hajue."

Mwanamke yule, aliyekuwa amezoea kusikia mambo mabaya, alifumba macho kwa muda.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Watu wenye mavazi ya plastiki waliingia uani, majirani wakapanda juu ya kuta kutazama, mahema yakasimamishwa pembeni mwa uwanja wa mpira, na jina la ugonjwa, lile ambalo kila mtu wa nchi hii analijua na hakuna anayetaka kulitamka, likazunguka soko zima kabla ya adhuhuri. Jenny alifariki usiku uliofuata. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Maurice alikuja kuomba mwili wa mwanawe. Hakupewa. Alionyeshwa mfuko mweupe kwa mbali, akaruhusiwa kutazama mfuko ule ukishushwa kaburini na watu asiowaona nyuso. Baada ya hapo alimjia Mbiya, aliyekuwa amewekwa peke yake nyuma ya kamba ya rangi ya chungwa, akasimama na ule mkono wake wa vidole vitatu umening'inia.

"Kwetu hatukulake popo," alisema. "Alijua. Juu ya nini alikubali?"

"Juu ya heshima," Mbiya alijibu. Hakukuwa na jibu jingine, na lilikuwa la kweli, na lilimchoma mdomo.

Siku ya sita baada ya mazishi Rolly alipata homa.

Walimweka katika hema la pili. Mbiya, ambaye hakuonyesha dalili hata moja, aliruhusiwa kuketi kwenye kigoda hatua nne kutoka kwenye uzio, asubuhi na jioni. Alimwona mwanawe kupitia dirisha la plastiki, akiwa amelala ubavu, akiutazama ukuta. Alimwita. Hakugeuka. Pengine hakusikia, homa ilikuwa juu sana siku zile. Mbiya alimwomba Mungu amchukue yeye, kwa maneno hayohayo, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Mungu hakuonekana kuwa na haja naye.

Jioni moja daktari Clémentine alileta kigoda chake na daftari, akaketi upande wa pili wa kamba. Alikuwa na maswali ya kujaza. Je, katika familia kuna mtu mwingine aliyewahi kufa kwa namna hii, zamani?

"Apana," Mbiya alisema. Neno hilo sasa lilimtia hofu kila alipolitumia.

"Fikiri muzuri, Mama. Tulipima damu yenu. Yako iko na alama. Haiko ya sasa, iko ya zamani sana. Uyu ugonjwa, ao ndugu yake, ulisha kupita mu mwili yako. Siwezi kusema mwaka. Lakini mwili yako inamujua. Pengine njo maana haugonjwake."

Mbiya alitazama mikono yake. Akasema alichuna popo miaka thelathini. Daktari akaandika.

"Na mbele yako? Kule ku gare, ile mwaka wa kwanza, nani alikuwa anachuna?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto angelijibu. Na Mbiya, ambaye kila mwaka alisimulia hadithi ile kuanzia behewa mpaka kopo, aligundua kwamba hakuwahi hata mara moja kuisimulia sehemu hii. Kwa sababu mwanzoni hakuwa yeye. Yeye alikuwa wa pili.

"Yaya yangu," alisema. "Ngondo. Yeye njo alikuwa mukubwa. Minyi nilikuwa nashika tu mabawa."

"Alikufa na nini?"

Akaiona tena, turubai, blanketi la kijivu, Ngondo akigeuza uso, na macho yale. Miaka yote alikuwa amesema kuhara. Watu wote walikuwa wanahara. Lakini macho ya Ngondo yalikuwa mekundu, na alipotabasamu ili mdogo wake asiogope, meno yake yalikuwa na damu. Wiki moja baada ya kumzika Ngondo, mama yao alimpa Mbiya popo mkononi akasema, sasa ni wewe. Mbiya naye akapata homa, akalala siku nyingi, akaamka. Wakasema popo wamemponya.

Alimwambia daktari yote hayo. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Walikuwa wameketi kila mwaka juu ya jamvi, wakamshukuru Mungu kwa chakula kilichowaokoa, na kilikuwa kimemuua Ngondo, na mama yao asijue, na yeye akakibeba miaka thelathini bila kuumwa hata kichwa, akamkabidhi mtoto wa watu. Alikumbuka maneno ya Rolly juu ya behewa la asidi. Akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jenny afe.

Rolly hakufa. Siku ya ishirini na tatu alitoka kwenye mahema akiwa amekonda mpaka masikio yake yalionekana makubwa, amevaa kaptura ya msaada, maana kila alichokuwa nacho kilichomwa moto, pamoja na godoro, jamvi na nguo zote za Jenny. Mbiya alikuwa akimsubiri langoni na shati jipya ndani ya mfuko. Maurice pia alikuwepo, kando, ameshika baiskeli yake.

"Amepona," daktari alisema. "Munaweza kushikana mikono, haina tena kitu."

Mbiya akanyoosha mkono. Rolly alikuja mpaka zikabaki hatua nne, umbali uleule wa kigoda na uzio, akasimama hapo.

"Nilikuuliza, Mama."

"Uliniuliza."

"Niulize tena?"

Mbiya alitikisa kichwa, lakini mwanawe hakumngojea.

"Mulikula nini?"

Watu walikuwa wamejaa langoni, wengine wamekuja kuona mtu aliyepona. Mbiya akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Popo. Jenny njo alichuna, na mikono. Minyi njo nilimupa. Na ile siku kwa choo nilikudanganya."

Rolly aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri kurudishiwa kitu chake. Kisha akageuka, akaketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya baba mkwe wake. Maurice akakanyaga pedali, wakaenda kwa shida kidogo mpaka baiskeli ikashika mwendo, wakapita karakana na ile mikaratusi. Mbiya alibaki na mfuko wa shati mkononi. Daktari alimwambia aende nyumbani, na yeye akasema ndiyo, anaenda.